UZI: Sledi yangu ya msumeno wa meza haikai skwea (pembe ya nyuzi 90). Ninunue, nitengeneze nyingine, au kuna ninachokosea?

RandaButu

Salaam wakuu. Nina msumeno wa meza wa bledi ya milimita 254, na ile maita geji iliyokuja nayo, kile kifaa cha kusukumia mbao kwa pembe, inacheza kama jino la mtoto linalotaka kutoka. Nikaamua kutengeneza sledi, kile kitoroli cha plaiwudi kinachoteleza juu ya meza ukikata mbao mkingamo.

Nimefuata video hatua kwa hatua. Kitako cha plaiwudi ya mm 12, reli mbili za mbao ngumu chini zinazoingia kwenye mifereji ya meza, fensi ya mbele na fensi ya nyuma, yaani mbao mbili zilizosimama juu ya kitako. Nikachukua skwea, kile chombo cha kupimia pembe. Skwea nimeibana kwenye bamba la bledi, fensi ya nyuma nikailaza kwenye skwea, gundi, skrubu sita, nikajipongeza. Halafu nikakata mbao nne za sanduku. Kona tatu zimefunga vizuri. Ya nne imeachia, kadi ya benki inapita bila kusukumwa.

Hii ni sledi ya pili sasa. Ya kwanza ilikuwa mbaya zaidi. Nafikiria kununua iliyotengenezwa kiwandani niachane na mateso. Mnashauri nini?

---

Kipande

Ukisema fensi ya nyuma unamaanisha ipi? Kila mtu huku ana nyuma yake.

---

RandaButu

Iliyo upande wangu, ninayoishika nikisukuma. Ya mbele ni ile ya kule mbali.

---

FundiKimya

Sawa, tutumie hivyo hivyo. Ya mbele kazi yake ni kushikilia kitako kisikatike vipande viwili, basi. Hata ikikaa upande haina neno. Ya nyuma ndiyo inayoegemewa na mbao unayokata, na ndiyo ya kuhangaika nayo.

Kosa lako nimeliona kwenye sentensi moja: "skwea nimeibana kwenye bamba la bledi." Watu wengi hapo ndipo wanapopotea, na video nyingi zinafundisha hivyo. Fikiria sledi inavyotembea. Reli zimo ndani ya mfereji, kwa hiyo mbao inasafiri kufuata mfereji. Bledi imesimama mahali pamoja inazunguka tu. Mkato hufuata njia ya mfereji. Bledi ikiwa imekaa upande kidogo, haibadilishi uelekeo wa mkato, inachofanya ni kupanua njia yake na kuunguza mbao. Wewe umeipimia fensi yako kwenye kitu ambacho hakielekezi mkato. Kama bledi yako haiko sambamba na mfereji, kosa la bledi umelihamishia kwenye fensi, ukalipiga gundi.

Kabla hujanunua chochote, pima hili. Chomoa waya ukutani, si kuzima tu. Pandisha bledi juu kabisa. Chagua jino moja, litie alama ya kalamu. Lilete upande wako, usawa wa meza, pima kutoka ukuta wa mfereji hadi kwenye jino. Zungusha bledi kwa mkono mpaka jino hilo hilo lifike upande wa mbali, pima tena. Lazima liwe jino lile lile, kwa sababu hakuna bledi iliyonyooka kabisa na meno yenyewe yamelala huku na huku. Ukipima meno mawili tofauti utakuwa unapima bledi.

Tofauti ikizidi mm 0.1, rekebisha. Kwenye misumeno mingine unalegeza bolti za mtambo chini ya meza. Kwenye ile mikubwa ya kabati unalegeza meza yenyewe na kuigonga kidogo kidogo.

---

RandaButu

Mzee Kimya, nimetoka kupima. Tofauti ni mm 0.35! Na mimi nimekuwa nailaumu plaiwudi siku zote.

Nimelegeza bolti tatu kati ya nne, nimegonga kwa kipande cha mbao, sasa niko kwenye 0.05. Kwa hiyo sasa nibane skwea upya kwenye bledi?

---

FundiKimya

Hapana. Weka skwea pembeni kabisa. Hata skwea nzuri ina urefu wa sentimita chache, na macho hayawezi kuona kosa dogo. Mbao yenyewe itakuonyesha. Ng'oa hiyo fensi kwanza, nitarudi jioni niandike vizuri.

---

MamaPatasi

Wakati unasubiri jioni, nijibu la kununua.

Sledi za kiwandani ni nzuri kwa mtu ambaye hana muda, au anayetaka pembe nyingi, maana nyingi zina fensi inayozunguka na alama za nyuzi. Lakini pima mfereji wako kabla hujatoa pesa. Kipimo cha kawaida ni upana wa mm 19 na kina cha mm 9.5, ila misumeno midogo ya kubebeka ina mifereji ya aina yake, mingine ina midomo kwa juu. Nyingi pia zinatumia mfereji mmoja tu na zinakaa upande mmoja wa bledi. Kipande kinachokatika kinaangukia mezani bila kitu chini yake. Kwa vipande vidogo sipendi hata kidogo.

Ukitengeneza mwenyewe unapata ya saizi unayotaka. Usiwe na tamaa ya saizi. Niliwahi kutengeneza moja ya kukata upana wa sentimita 90, nikaitumia mara mbili. Nzito, kuipandisha mezani ni kama kumbeba mtoto aliyelala. Sasa inaegemea ukuta na buibui wanaishi humo. Ndogo ya kukata sentimita 30 hivi ndiyo inayofanya kazi kila siku.

Kitako: plaiwudi nzuri yenye tabaka nyingi, mm 12. MDF, ule ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, ni tambarare kuliko plaiwudi na haipindi ukiitunza pakavu, lakini ikionja maji inavimba kingo na haishiki skrubu za pembeni. Kumbuka pia unene wa kitako unaupunguza kwenye kimo cha kukata. Bledi ya 254 inatoka juu ya meza kama mm 80, ukitoa 12 unabaki na 68 hivi.

Fensi: usitumie ubao mmoja uliouokota kwenye kona ya karakana. Gundisha vipande viwili vya plaiwudi ya mm 18, vibane juu ya kitu unachojua kimenyooka, uache usiku kucha. Asubuhi weka rula ya chuma, angalia mwanga chini yake. Na kabla ya kuifunga, piga randa kidogo ile kingo ya chini ya ndani, mm 3 hivi, ibaki pengo. Hapo ndipo unga wa mbao unajificha. Bila hilo pengo, unga unakaa kati ya mbao na fensi na unakata upande huku ukiapa sledi iko sawa.

---

VumbiLaMbao

Naunga mkono kila kitu, lakini mbona hakuna aliyetaja vidole?

Nina kovu kwenye gumba la kulia. Sledi yangu ya kwanza ilikuwa na fensi ya nyuma ya kawaida, na mazoea yangu yalikuwa kuishika katikati, maana katikati ndipo inasukumika vizuri. Unasukuma, mbao inakatika, unaendelea kusukuma kidogo ili uwe na uhakika, na bledi inatokeza nyuma ya fensi pale pale gumba lilipo. Nilishukuru kwamba nilikuwa nakata mbao nyembamba na bledi ilikuwa chini. Ilichukua ngozi na kipande cha kucha.

Gundisha bonge la mbao nyuma ya fensi pale bledi inapotokea. Liwe nene, bledi iishie ndani yake. Lipake rangi nyekundu kama unataka. Halafu weka kizuizi: kipande cha mbao chini ya sledi kinachogonga kwenye ukingo wa meza, au kingine upande wa mbali, sledi isimame kabla bledi haijatoboa bonge. Bledi ipandishe juu ya mbao unayokata mm 6 mpaka 10, isizidi. Ukipandisha mpaka mwisho kila mara, siku moja utazipasua fensi zote mbili na utabaki na vipande viwili mkononi.

Lile kava la juu ya bledi halitapita kwenye sledi, lazima litoke. Lakini kile kisu kinachosimama nyuma ya bledi, kama ni kifupi kuliko bledi, kinapita kwenye njia ya mkato bila shida. Kiache.

---

Kipande

Mnajitesa bure. Msumeno wa mkono, ubao wa kupigia randa, dakika mbili, kona imefunga. Hakuna kelele, hakuna gumba.

---

MamaPatasi

Kipande, mimi na wewe tunajuana humu. Vipande viwili, ndiyo. Arobaini vya urefu mmoja? Utapiga randa mpaka wajukuu waje kukusaidia.

---

FundiKimya

Nimerudi. RandaButu, soma taratibu, usiruke.

Fensi ya nyuma ifunge kwa skrubu mbili tu, bila gundi. Moja ncha ya kulia kabisa, hii ndiyo bawaba, fensi itazunguka hapo. Nyingine ncha ya kushoto, ibanwe na klempu pia. Skwea inatosha kwa kuanzia.

Chukua kipande cha plaiwudi au MDF, chenye pande za mm 400 hivi. Utakikata mara tano. Kilaze kwenye fensi upande wa kushoto wa bledi, kata upande mmoja, kiasi kidogo tu. Zungusha kipande kama mshale wa saa, ule upande uliotoka kukatwa ulale kwenye fensi. Kata. Zungusha tena, kata. Tena, kata. Sasa umekata pande zote nne. Mara ya tano unaurudia ule upande wa kwanza, lakini safari hii kata ukanda wa mm 25 hivi, na huo ukanda usiutupe. Ncha iliyoingia kwenye bledi kwanza iandike A, ya mwisho iandike B. Ukichanganya hizo herufi utarekebisha kinyume na kosa litaongezeka maradufu.

Pima upana wa ukanda kwenye A na kwenye B kwa vernia, kile kipimo cha taya cha vipimo vidogo. Kama fensi ni skwea, vipimo ni sawa. Kama si skwea, kila mkato umeongeza kosa lile lile juu ya lililopita, kwa hiyo ukanda unakuonyesha kosa mara nne. Hiyo ndiyo raha ya njia hii, kosa dogo ambalo skwea haioni linakuwa kubwa mpaka vernia inaliona. Aliyeieneza sana ni fundi wa Marekani anaitwa William Ng.

Hesabu: A toa B, gawa kwa 4, gawa kwa urefu wa ukanda. Umepata kosa kwa kila milimita. Zidisha kwa umbali kutoka skrubu ya kulia hadi pale utakaposogeza kushoto. Jibu ndilo unalosogeza.

Upande gani? Kwa mpangilio huu, bawaba kulia na mbao kushoto ya bledi: A ikiwa kubwa, ncha ya kushoto ya fensi imekwenda mbali mno, ivute kwako. A ikiwa ndogo, isukume mbele.

Fanya jaribio mara mbili kabla hujasogeza chochote. Nitakuambia kwa nini ukileta majibu.

---

RandaButu

Majibu haya hapa, lakini yamenichanganya. Ukanda wa kwanza, A kubwa kuliko B kwa mm 2.4. Ukanda wa pili, sijagusa kitu, tofauti ni 1.7. Vernia yangu mbovu au mimi?

---

FundiKimya

Hiyo ndiyo sababu nilisema mara mbili. Vernia haina kosa. Reli zako zina nafasi ndani ya mfereji, sledi inapinda kidogo kulia na kushoto ukisukuma, kila safari kivyake. Ungesogeza fensi leo, kesho ungepata jibu lingine, ungesogeza tena, na mwezi ujao ungekuwa hapa unauliza bei ya sledi ya kiwandani. Usiguse fensi mpaka majaribio mawili yafanane.

Shika sledi kwenye ncha za nyuma, itikise kwa upande. Inagonga?

---

RandaButu

Inagonga. Kidogo, lakini nasikia.

---

MamaPatasi

Reli ulizikata nyembamba kwa sababu ziligoma kuingia siku ulipozitengeneza, sivyo? Mbao inavimba hewa ikiwa na unyevu, inajikunja ikiwa kavu. Ulizikwangua siku ya unyevu, sasa zimekauka.

Usitengeneze mpya, kuna njia. Zifungue. Weka karatasi nene chini ya reli ndani ya mfereji ili zisimame juu ya uso wa meza kidogo. Halafu reli ya kushoto isukume igote ukuta wake wa kulia, ya kulia isukume igote ukuta wake wa kushoto, yaani zote mbili zimebanana kuelekea bledi. Gundi kidogo, laza kitako juu, weka uzito, subiri, kisha skrubu. Kila reli ina nafasi upande wa nje, lakini kwa pamoja hazina pa kwenda. Toboa kwanza kwa keekee nyembamba kabla ya skrubu, maana skrubu ikiingia kwa nguvu reli inavimba ubavuni na utaanza upya.

Ukija kutengeneza nyingine, tafuta ile plastiki ngumu nyeupe inayoteleza, au chuma bapa. Plastiki haijali unyevu ila joto linairefusha kidogo, na nayo inavimba skrubu ikikazwa sana. Ziko pia za aluminiamu zenye viskrubu vidogo ubavuni vya kupunguzia nafasi. Za mbao hazina ubaya, ila chagua kipande ambacho nyuzi zake zimesimama wima ukitazama kichwani, hicho hakitanuki sana kwa upana.

Ukimaliza, nta ya mshumaa chini ya kitako na kwenye reli. Usipulizie zile dawa za silikoni, zinahamia kwenye mbao na vanishi itakataa kushika.

---

Msaili

Samahani kuingilia. Mimi huwa naacha fensi ya kupasulia, ile ya mezani iliyo sambamba na bledi, mahali pake, mbao inagota pale, nakata kwa maita geji, napata urefu sawa kila mara. Kwa nini nihitaji sledi?

---

VumbiLaMbao

Msaili, acha leo. Kipande kinachokatika kinabaki kati ya bledi na fensi, hakina anayekishika, kikipinda nyuzi moja tu kinabanwa na meno ya nyuma na kinapigwa teke kuja kifuani kwako. Kwenye sledi unafunga kizuizi kwenye fensi ya sledi yenyewe, upande wa mbao unayoishika. Kilichokatika kinabaki huru pembeni. Kama huna sledi, bana kipande cha mbao kwenye fensi ya kupasulia upande wako, mbao igote hapo halafu iachie kabla haijafika kwenye bledi.

---

Msaili

Nimekuwa nafanya hivyo miaka mitatu. Nashukuru kifua changu.

---

RandaButu

Nimerudi wakuu, siku mbili zimepita.

Reli nimezifunga kama Mama Patasi alivyosema. Sledi haigongi tena, na kwa nta inateleza kwa kidole kimoja. Jaribio la kwanza: tofauti 2.41. La pili: 2.38. Nilikaa kwenye kiti nikatabasamu peke yangu.

Nimechukua 2.4. Gawa kwa 4 ni 0.6. Gawa kwa 400 ni 0.0015. Umbali wa skrubu hadi skrubu ni mm 600, kwa hiyo 0.9. A kubwa, nivute kwangu. Lakini nasogezaje mm 0.9 kwa mkono? Nikigusa tu inaruka mbili.

---

FundiKimya

Huisogezi kwa mkono. Tafuta fila geji, zile bapa nyembamba za mafundi magari. Unganisha 0.50 na 0.40. Nyuma ya fensi, ncha ya kushoto, weka kipande cha mbao na fila kati yake na fensi, kipande ukibane kwa klempu kwenye kitako. Sasa toa fila. Limebaki pengo la 0.9 kamili. Toa ile skrubu ya kushoto, vuta fensi igote kwenye kipande, bana. Skrubu mpya toboa tundu jipya pembeni, usirudi kwenye tundu la zamani, itakuvuta kurudi ilikotoka.

---

RandaButu

Nimemaliza saa hii. Tofauti ni 0.07.

Nikitaka kuifikisha sifuri?

---

FundiKimya

0.07 gawa kwa 4 ni chini ya mm 0.02 kwenye mbao ya sentimita 40. Mbao yenyewe itatanuka zaidi ya hapo ukienda kulala. Ongeza skrubu nyingine mbili, acha.

---

Kipande

Na pembe ya 45? Ainamishe bledi kwenye sledi hiyo hiyo?

---

MamaPatasi

Hapana, utaipanua njia ya mkato na kipande kitaanza kunyofoka nyuzi chini, kitako kisipokuwa na kitu cha kuzishikilia. Sledi ya 90 ibaki ya 90. Na RandaButu, weka bledi ya mkingamo ya meno 60 au 80. Hiyo ya 24 iliyokuja na msumeno ni ya kupasulia.

---

RandaButu

Bledi nimeshabadilisha, ni ya 60. Nimekata upya mbao nne za sanduku. Kadi ya benki haipiti kona yoyote. Nimejaribu karatasi moja ya daftari, nayo imegoma kona tatu, ya nne imeingia nusu. Hiyo ya nne nimeiangalia vizuri, ni mbao yenyewe imepinda.

---

VumbiLaMbao

Hongera. Bonge la nyuma la kukinga gumba umeshaweka?

---

RandaButu

Gundi inakauka.